Wauguzi wa Malindi na Lamu: CBA (mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri) inamlinda nesi wapi, na wapi inamwacha?

ZamuYaUsiku (Malindi), mwanzisha uzi

Salaam nyote. Kuna kijana wetu ameajiriwa juzijuzi. Alipopata hati yake ya kwanza ya mshahara akaona kuna makato ya chama cha wafanyakazi. Hakuuliza mtu, aliipiga picha akairusha kwenye kundi la wodi na maneno haya: "Hawa nao wananikata za nini?" Watu wakacheka, wakatuma vikaragosi, mazungumzo yakahamia kwenye mpira. Mimi sikucheka. Wengi wetu tumekatwa miaka yote na ukituuliza swali hilohilo hatuna jibu zaidi ya "chama kinatupigania".

Kinatupigania nini? Nitaandika kwa urefu, mwenye haraka apite.

Tuweke mgomo kando kwanza. Mgomo ndio unaoonyeshwa kwenye televisheni, filimbi na matawi ya miti, basi watu wanadhani chama ni hicho. Kazi yenyewe ni kukaa na mwajiri, kubishana, na kuandika mlichokubaliana. Haki hiyo imo kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 41: kila mfanyakazi ana haki ya mazingira ya kazi yanayofaa, ya kujiunga na chama na ya kugoma, na chama na mwajiri wana haki ya kujadiliana kwa pamoja. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 ndiyo inayoonyesha njia. Chama kikishapata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaofaa kuwa wanachama, mwajiri hana hiari tena, lazima akitambue. Halafu mnajadiliana. Kwa sisi wa serikali, mambo ya pesa yanapitia Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, ipate kutoa ushauri wake. Mkiafikiana mnatia sahihi, mkataba unapelekwa Mahakama ya Ajira usajiliwe.

Someni kifungu cha 59 cha sheria hiyo. Mkataba ukisajiliwa unazibana pande zote mbili, na masharti yake yanaingia ndani ya mkataba wako wa ajira. Wewe binafsi, hata kama hukuwahi kuufungua. Kabla ya hapo unaishi kwa hisani. Ukipata matroni mwenye roho nzuri utapewa likizo mtoto akiugua, akihamishwa akaja mwingine, unaanza upya kujipendekeza. Ahadi ya mdomo kwa mfanyakazi ni kama deni la kahawa barazani: kila mtu anakumbuka lilikuwepo, hakuna anayekumbuka ni shilingi ngapi.

Watu wanafikiri CBA ni mshahara tu. Mshahara ni kurasa chache. Zilizobaki ni saa za kazi, zamu za usiku, sare, likizo, masomo, uhamisho, kupandishwa cheo, na njia ya kufuata ukiwa na malalamiko au ukishtakiwa kazini. Mimi ukiniuliza kipi kimewasaidia wauguzi ninaowajua, sitakutajia pesa. Nitakutajia hicho cha mwisho.

Chukueni usiku mmoja wa wodi ya wazazi. Wauguzi ni wawili. Mmoja yuko chumba cha kujifungulia na mama ambaye kondo halijatoka, mwingine yuko peke yake na wodi nzima, dripu zinaisha, mtoto wa kitanda cha mwisho anapumua vibaya. Kukitokea jambo, asubuhi anayeandikiwa barua ya kujieleza ni nesi. Hakuna atakayemwandikia barua aliyepanga wauguzi wawili. Sheria ya Ajira, kifungu cha 41 (namba imegongana na ya Katiba, msichanganye), inasema kabla hujafukuzwa kwa kosa lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, na uwe na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama akisikiliza. CBA nzuri inajenga juu ya hapo: siku ngapi za kujibu, nani akae kwenye kamati, rufaa inakwenda wapi. Nimekaa upande wa mtuhumiwa kama mwakilishi. Mtu akiwa peke yake anaanza kwa kuomba msamaha. Akiwa na mwenzake pembeni anaanza kwa kuomba waonyeshwe ratiba ya zamu ya usiku ule. Kikao kinabadilika pale pale.

Na hapa nawasihi wadogo zangu. Kitabu cha ripoti si cha wagonjwa peke yao. Ukipokea zamu andika. Mfano: "Saa mbili usiku, wagonjwa 31, wauguzi 2, mtungi wa oksijeni 1, nimempigia msimamizi, amejibu hakuna mtu wa kuongeza." Mistari miwili. Hakuna wakili atakayekuandikia hiyo baadaye.

Haya, semeni.

KijanaWaBarani (Malindi)

Dada Zamu, umeandika vizuri ila umeruka 2017. Wauguzi waligoma kuanzia tarehe 5 Juni mpaka tarehe 2 Novemba. Miezi mitano! Walianza kwa sababu CBA iliyojadiliwa na magavana haikutiwa sahihi, wakarudi kazini na karatasi ya kurudi kazini. Binamu yangu aliuza pikipiki. Na mwaka wa 2019, Februari, tukawaona tena barabarani kaunti kadhaa, wakidai posho zilezile za uuguzi na za sare walizoahidiwa kwenye karatasi ile. Sasa mimi ninayeanza leo nikatwe kila mwezi kulipia danadana?

Na viongozi wa chama hatujawahi kuwaona wamepanda matatu.

Mpwa_wa_Ngomeni

Hiyo ya matatu umemaliza 😂

ZamuYaUsiku (Malindi)

KijanaWaBarani, sijaruka, nilikuwa naifikia. Ulichosema ni kweli tarehe kwa tarehe. Ila angalia walichorudi nacho mkononi. Karatasi ya kurudi kazini inamaliza mgomo. Inasema posho hii italipwa, watu wasiadhibiwe, mishahara iliyozuiwa irudishwe. Haina nguvu ya mkataba uliosajiliwa mpaka ipelekwe mahakamani ikubaliwe kama maafikiano. Ndiyo maana kaunti moja ililipa na jirani yake ikasema haina habari.

Madaktari nao waliwahi kuonja. Chama chao kilitia sahihi CBA na wizara mwaka wa 2013. Haikutekelezwa, na moja ya hoja za serikali ilikuwa kwamba haijasajiliwa. Desemba 2016 wakagoma, mgomo ukachukua siku 100, viongozi wakafungwa jela Februari 2017 kwa kudharau mahakama, wakatoka baada ya siku chache kwa amri ya Mahakama ya Rufaa. Ndipo Machi mambo yakaandikwa upya. Miaka mitatu na zaidi ilipotea kati ya sahihi ile ya kwanza na maafikiano hayo.

Kwa hiyo mimi sikwambii uwaamini viongozi. Nakwambia uwaulize swali moja kwenye mkutano wa tawi: "Mkataba wetu umesajiliwa mahakamani, namba yake ni ngapi?" Kiongozi anayejua kazi yake atakujibu kabla hujakaa. Asiyejua ataanza hotuba.

MamaWaLangoni (Lamu)

Wanangu, mimi si wa kazi hiyo, mimi ni mtu wa Amu mwenye wajukuu. Mwaka huo mnaoutaja mke wa mwanangu alikuwa na mimba ya miezi tisa. Hospitali ya serikali imefungwa, mlinzi kakaa getini na redio yake. Tulipanda boti mpaka Mokowe, tukachukua gari, tukashika ndia kutafuta hospitali ya kulipia. Uchungu ulimshika garini. Alhamdulillahi alijifungua salama, lakini pesa tulizolipa zilikuwa za kumalizia nyumba.

Nawapenda manesi, wamenizalisha wote wangu. Lakini nauliza: hospitali si huduma ya lazima? Zimamoto wakigoma nyumba ikiwaka itakuwaje? Mbona sheria yawaruhusu?

ZamuYaUsiku (Malindi)

Shikamoo mama. Sina la kukupinga hapo.

MsomaSheria (Mombasa)

Marahaba hata mimi niitikie 😀 Mama, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, na jibu lake halijanyooka.

Sheria ya 2007 ina orodha ya huduma za lazima, Jedwali la Nne. Huduma za hospitali zimo, pamoja na maji, zimamoto na waongoza ndege. Kifungu cha 81 kinasema kwenye huduma hizo mgogoro upelekwe mahakamani badala ya kugoma. Upande wa pili Katiba, iliyokuja miaka mitatu baadaye, inasema kila mfanyakazi ana haki ya kugoma. Ndiyo sababu kila notisi ya mgomo wa wauguzi ikitoka, mwajiri anakimbilia mahakamani, jaji anausimamisha kwa muda, chama kinasema hakikupewa amri mkononi, na wewe mama uko getini na mgonjwa.

Lakini kuna hatua nyingi kabla ya hapo na karibu zote huwa zinapuuzwa. Mazungumzo yakikwama, mgogoro unaripotiwa kwa waziri wa kazi. Msuluhishi anateuliwa, ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha, wakikubaliana anaweza kuongezewa. Akishindwa, ndipo habari ya mahakama au notisi ya siku saba. Nimefuatilia migogoro hii. Mara nyingi mwajiri haendi kwa msuluhishi, au anamtuma karani asiyeweza kuamua lolote. Anajua mgomo ukija wananchi watamlaumu nesi. Kwa hiyo ukiuliza nani alifunga hospitali ile, usitazame tu nani aliacha wodi. Tazama pia nani hakuhudhuria kikao cha msuluhishi.

KijanaWaBarani (Malindi)

Wakili kasema, lakini mtoto alizaliwa garini.

MsomaSheria (Mombasa)

Naam. Na sikusema vinginevyo.

Kaskazi_na_Kusi (Lamu)

Nimesoma kimya tangu asubuhi, sasa niingie. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi visiwani na bara. Nyie wa Malindi mnazungumzia wauguzi wawili wodini. Kwenye zahanati zetu za kando nesi ni mmoja. Ndiye wa chanjo, wa kliniki ya wajawazito, wa kuzalisha, wa dawa, wa kuandika ripoti ya mwezi, na usiku wanamgongea dirisha. Kwa sheria ya ajira mtu ana haki ya siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Nani amshike nafasi? Akifunga mlango siku hiyo, kijiji hakina huduma.

Mkataba uliojadiliwa Nairobi haujui habari ya Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari tunaopita na boti. Ukiwa Faza na mama anatoka damu, unamshusha kwenye boti kuja hospitali ya kaunti Amu. Maji yakiwa yametoka, pale Mkanda boti inakwama mchangani, mnasubiri maji yajae, au mzunguke nje baharini. Wakati wa kusi nje kuna mawimbi ya kukutoa roho. Mimi nimesindikiza mgonjwa usiku, nimepiga magoti kwenye sakafu ya boti, mkono mmoja nashika dripu juu, mwingine nabana pamba, tochi ya simu nimeiuma kwa meno. Jaketi la kuokolea lilikuwa moja, tukamvisha mgonjwa. Nahodha alikuwa na lake. Nesi hana. Nilipouliza baadaye kuhusu jaketi nikaambiwa niandike barua. Nikaandika.

Na ukifika salama, ile safari hailipwi. Kwa kitabu chao wewe ulikuwa kazini tu. Kurudi ni nauli yako, au usubiri boti yenye nafasi.

Kuna na habari ya usalama. Tangu shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, na hali ya msitu wa Boni, kuna vituo ambavyo muuguzi akipewa barua ya uhamisho huenda kwao kwanza kuaga. Kiunga iko karibu na mpaka wa Somalia. Mtu atapelekwa kule, asahauliwe miaka, huku mwenzake mwenye mjomba ofisini hajawahi kuvuka gati ya Mokowe.

Haya ndiyo ninayotaka chama kipiganie: kituo kigumu kiwe na muda maalum, ukiisha urudi mjini, aje mwingine. Nyumba ya muuguzi, au pesa za kupanga. Posho ya mazingira magumu ifike kwa wakati. Jaketi kwa kila anayepanda boti na mgonjwa. Sijataja mshahara hata mara moja.

MamaWaLangoni (Lamu)

Mwanangu, hilo la jaketi limeniuma. Sisi tukiwaona mwashuka botini twadhani mumepewa kila kitu.

ZamuYaUsiku (Malindi)

Kaskazi, hoja yako ndiyo inayoniudhi kuhusu chama chetu. Afya iligatuliwa tangu 2013, anayekuajiri ni kaunti. Mambo ya mfumo mzima, kama posho ya uuguzi na makundi ya mishahara, yajadiliwe kitaifa, sawa. Lakini tawi linaruhusiwa kujadili mambo ya hapahapa na kaunti yake, yakaandikwa na kutiwa sahihi. Boti, nyumba, muda wa kukaa kituo kigumu. Tawi linalosubiri Nairobi iwakumbushe habari ya Mkanda litasubiri sana.

Na suala la jaketi lina mlango mwingine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima iwepo kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Ulizeni kamati yenu ina nani ndani yake.

NesiWaMaweni (Malindi)

Jamani mmewasahau wa hospitali za kibinafsi. Mimi niko kwenye moja hapa mjini, jina sitaji. Zamu ni saa kumi na mbili, kwenye karatasi imeandikwa nane. Sare najishonea. Ukiugua siku tatu wanakwambia uzitoe kwenye siku zako za likizo. Mume wangu ni mpishi hoteli ya ufuoni, ana CBA! Anajua posho yake ya nyumba, anajua akifanya kazi sikukuu analipwaje, msimu ukiisha akipunguzwa anajua utaratibu. Chama chao KUDHEIHA kinajadiliana na wenye hoteli miaka yote. Mpishi analindwa kuliko mimi ninayechoma sindano. Nikimwambia bosi kuhusu chama ananiambia "sisi hapa ni familia".

Mpwa_wa_Ngomeni

Familia isiyolipa ovataimu.

MsomaSheria (Mombasa)

NesiWaMaweni, huhitaji kutoka nyumbani kwako kutafuta chama. Jina refu la KUDHEIHA lina hospitali ndani yake: wafanyakazi wa nyumbani, hoteli, taasisi za elimu, hospitali na wengineo. Mwombe mumeo namba ya tawi.

Utaratibu wenyewe ni wa kimyakimya. Kila anayetaka kujiunga anatia sahihi Fomu S, ndiyo inayomwagiza mwajiri akate ada na kuipeleka kwa chama. Usimkabidhi bosi ukiwa peke yako, chama ndicho kinachompelekea, na akishapokea ana siku 30 kuanza kukata. Mkifika zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaofaa, mnaomba kutambuliwa. Mameneja hawahesabiwi.

Kuhusu hofu ya kufukuzwa: Sheria ya Ajira, kifungu cha 46, imeorodhesha sababu ambazo haziwezi kuwa halali za kumfukuza mtu. Kuwa mwanachama, au kutaka kujiunga, imo. Atatafuta sababu nyingine, ndiyo. Kwa hiyo wahi kazini, kamilisha faili zako, usimpe nafasi. Na zile siku za kuugua si hisani yake: ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo una angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba kwa nusu, ukileta cheti cha daktari. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi, na haiguswi kwa ugonjwa.

MkatabaWaTatu (Kilifi)

Na sisi wa UHC, mpango wa serikali wa afya kwa wote, tuko wapi kwenye uzi huu? Tuliajiriwa 2020 wakati wa korona kwa kandarasi ya miaka mitatu. Tumeongezewa, tumeandamana, tumelala nje ya ofisi Nairobi. Nafanya kazi ileile na mwenzangu wa kudumu, zamu ileile, yeye ana pensheni na posho zote, mimi nina mshahara mkavu. CBA inanihusu au mimi ni mpita njia?

ZamuYaUsiku (Malindi)

Ndugu yangu, kujiunga na chama unaruhusiwa, Katiba inasema "kila mfanyakazi", haikusema wa kudumu. Swali ni CBA inamtaja nani. Fungua ukurasa wa mwanzo, kuna sehemu inayoeleza mkataba unamhusu nani. Kama imeandikwa wauguzi wote wa makundi fulani, umo. Kama imeandikwa walioajiriwa kwa masharti ya kudumu, uko nje, na hapo ndipo pa kumbana kiongozi wako wakati wa kujadili upya. Mwajiri anapenda sana sentensi hiyo. Ikipita hivyo, kila nafasi inayoachwa na anayestaafu atajaza mtu wa kandarasi, na baada ya miaka kumi CBA itakuwa inawalinda wastaafu.

Mimi msimamo wangu kwenye tawi ni huo: tusitie sahihi mkataba unaowaacha. Baadhi ya wenzangu wa kudumu hawapendi kunisikia.

MezaYaMishahara

Nimefanya kazi upande wa mwajiri, kaunti moja ya Pwani, sitataja ipi. Mtanirushia mawe lakini nisikieni.

Si kila "hatuna pesa" ni uongo. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema mishahara na marupurupu isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kaunti nyingi zimeshavuka. Mgao kutoka Hazina unachelewa, mnaona wenyewe mishahara inavyofika tarehe za ajabu. Gavana akitia sahihi CBA bila kuangalia hilo, atawapa karatasi nzuri isiyolipika, halafu 2019 inarudi.

Kosa kubwa la vyama, naona mimi, ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti unafika bunge la kaunti mwisho wa Februari, makadirio ya bajeti yanafika mwisho wa Aprili. Chama kinakuja na madai Juni, kimevaa fulana na filimbi. Juni pesa imeshagawanywa! Njooni Oktoba, Novemba, na hesabu zenu, mseme jaketi 200 ni shilingi kadhaa, nyumba Kizingitini ni kadhaa. Meza itawasikiliza kwa sababu itakuwa haina pa kujificha.

KijanaWaBarani (Malindi)

Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia mtu wa mishahara akiongea ukweli. Swali: hiyo asilimia 35, ndani yake kuna wafanyakazi hewa wangapi na madereva wa wakubwa wangapi?

MezaYaMishahara

Hapo sasa umegusa pabaya. Ulizeni sajili ya wafanyakazi. Chama kina haki ya kuomba habari kinazohitaji kwa mazungumzo, kifungu cha 57 cha ileile Sheria ya Mahusiano ya Kazi kinamtaka mwajiri azitoe. Sijawahi kuona tawi likiomba kwa maandishi.

ZamuYaUsiku (Malindi)

Hii nimeinakili. Barua itaandikwa.

KijanaWaBarani (Malindi)

Dada Zamu, niseme ukweli, yule kijana wa picha ya hati ya mshahara si mimi, lakini nilikuwa nimeandaa barua ya kujitoa. Nikijitoa, bado nitapata yaliyo kwenye CBA?

MsomaSheria (Mombasa)

Utapata, kama kazi yako ni miongoni mwa zinazotajwa. Mkataba hauchagui mwanachama na asiye mwanachama. Lakini chama kinaweza kuomba agizo la waziri ukatwe ada ya uwakala, kifungu cha 49 cha sheria hiyohiyo ya mahusiano ya kazi, kwa kuwa unafaidi kilichojadiliwa. Basi utakuwa unalipa na huna kura. Kujitoa kwenyewe ni haki yako, unaandika tu.

KijanaWaBarani (Malindi)

Kulipa bila kura hapana. Barua nimeiweka kwenye droo. Sijaichana, wajue.

Kaskazi_na_Kusi (Lamu)

Iache hapo droo, itawatia adabu. Mimi kesho nawaandikia wenzangu wa Faza, Kizingitini na Siyu kila mmoja aorodheshe safari za boti alizosindikiza mwaka huu, tarehe, saa ya kutoka, jaketi lilikuwepo au halikuwepo. MezaYaMishahara kasema waletewe hesabu, tutaleta hesabu.

MamaWaLangoni (Lamu)

Na sisi wagonjwa tunakaa meza gani katika mazungumzo yenu hayo?

ZamuYaUsiku (Malindi)

Mama, kwenye meza ya CBA hamna kiti, ni mwajiri na chama tu. Lakini bajeti haipitishwi bila wananchi kuitwa watoe maoni, na huko hata nesi hana sauti kukushinda wewe. Wataita vikao kabla ya makadirio kupitishwa. Nenda, simama, uulize zahanati gani ina muuguzi mmoja, na kwa nini. Halafu uulize jaketi. Sema uliambiwa na nesi, usitaje jina.

MamaWaLangoni (Lamu)

Ntakwenda na wenzangu wa Mkomani. Wakituzuia mlangoni ntakuja kuwaambia humu.